Kusaga Huficha

Karanga nzima haina siri. Ukiitia kiganjani unaona kama imejaa au imesinyaa, ukiipasua unaona kama ndani ni nyeupe au kumeingia weusi, na ukiitafuna ikawa chungu unaitema hapo hapo. Ikishasagwa, ushahidi huo wote umekwisha. Nzuri na mbovu, iliyokauka vizuri na iliyolala na unyevu, ya msimu huu na iliyosahaulika ghalani, zote zinatoka mashineni zikiwa na rangi moja ya kahawia na harufu moja ya kukaangwa. Ndiyo maana siagi ya karanga inadai mnunuzi mwangalifu kuliko karanga zenyewe, na ndiyo maana nimeitengea sura nzima.

Naandika nikiwafikiria watu wa Nalasi. Eneo hilo lipo Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, katika ukanda unaoelekea Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Fedha ya huko hutoka zaidi kwenye korosho, lakini karanga ni chakula cha nyumbani: hutwangwa zikaungwa kwenye kisamvu, kwenye majani ya maboga, kwenye uji wa mtoto. Mtu wa huko akiingia duka la Tunduru mjini au la Songea akakuta kopo la siagi ya karanga lililotoka Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo, anakutana na zao analolijua tangu utotoni, ila safari hii limefichwa nyuma ya lebo. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: humo ndani mna karanga kiasi gani, na kuna nini kingine?

Upande wa mbele wa kopo ni wa mwenye kiwanda. Upande wa nyuma ni wa mnunuzi. Mbele ndiko unakosoma kwamba bidhaa ni asilia, kwamba ina protini nyingi, kwamba haina kolesteroli. Hilo la mwisho ni kweli lisilokusaidia kitu, kwa sababu kolesteroli hutoka kwenye vyakula vya wanyama, na karanga ni mmea. Kopo la jirani ambalo halikuandikwa hivyo nalo halina. Maneno ya mbele yasome ukipenda, lakini usiyalipie.

Geuza kopo utafute orodha ya viungo. Viungo hupangwa kwa uzito: kilichotiwa kwa wingi kinatangulia, kilichotiwa kidogo kinakuja mwisho. Siagi iliyonyooka kabisa ina kiungo kimoja tu, karanga. Inayofuata kwa unyofu ina viwili, karanga na chumvi. Baada ya hapo huanza kuingia sukari, mafuta ya mimea na vigandishi, mara nyingi kwa mpangilio huo. Sukari ikiwa ya pili, jua kwamba baada ya karanga hakuna kitu kizito kuliko sukari humo ndani. Na sukari haitajwi kwa jina moja. Dekstrosi ni sukari, sirapu ya glukosi ni sukari, asali pia mwilini hufanya kazi ya sukari. Zikitajwa mbili au tatu kwa majina tofauti, kila moja inaonekana ndogo na kusogea nyuma kwenye orodha, ilhali zikijumlishwa zingesogea mbele.

Orodha inakupa mpangilio, lakini mara nyingi haikupi kiasi. Hapo ndipo jedwali la virutubishi linapokuwa na faida kubwa ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Karanga zilizokaangwa bila kutiwa kitu huwa na protini ya gramu 25 hivi katika kila gramu 100. Mafuta, sukari na chumvi havina protini kabisa. Kwa hiyo kila kinachoongezwa hushusha namba ya protini, na ukiigawanya namba iliyo kwenye lebo kwa 25 unapata makisio ya karanga zilizomo. Kopo linaloonyesha gramu 20 kwa kila 100 lina karanga kama asilimia 80. Sehemu ya tano ya fedha yako imekwenda kwa vitu vingine, na vitu hivyo kwa kawaida ni rahisi kuliko karanga. Kopo la gramu 24 halina la kushukiwa. Hesabu hii si mizani ya dhahabu, kwa kuwa aina za karanga hutofautiana kwa gramu kadhaa za protini, tena mtengenezaji akitia unga wa soya namba itapanda bila karanga kuongezeka. Itumie kuona tofauti kubwa, kisha rudi kwenye orodha uone kama soya imetajwa.

Angalia pia jedwali limepigwa kwa kipimo gani. Wengine huandika kwa gramu 100, wengine kwa kijiko cha gramu 15, wengine kwa vijiko viwili vya gramu 32. Makopo mawili yenye vipimo tofauti hayalinganishiki mpaka uyalete kwenye 100. Protini gramu 7 kwenye gramu 32 ni karibu gramu 22 kwenye 100. Protini gramu 8 ni 25 kamili. Simu yoyote ina kikokotoo cha kutosha kwa kazi hiyo.

Kubishania kiasi cha karanga si jambo geni. Marekani, nchi inayokula siagi hii kuliko karibu nchi zote, ilifika mahali ikabidi serikali iamue siagi ya karanga ni nini. Mwaka 1959 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilipendekeza kwamba anayetaka kutumia jina hilo atie karanga zisizopungua asilimia 95, kwa sababu baadhi ya makopo sokoni yalikuwa yamejazwa mafuta ya bei rahisi. Viwanda vilipinga, vikataka kima kishushwe hadi 87. Mama wa nyumbani kutoka Virginia, Ruth Desmond, alihudhuria vikao vya shauri hilo akiwatetea walaji mpaka magazeti yakampa jina la bibi wa siagi ya karanga. Ubishi ulichukua miaka 12. Kanuni iliyoanza mwaka 1971 iliweka kima cha chini asilimia 90 na kuzuia mafuta yote kwa pamoja yasizidi asilimia 55. Tangu hapo kopo la Marekani lenye karanga asilimia 80 haliruhusiwi kuitwa siagi ya karanga. Huuzwa kwa jina la mchanganyiko wa kupaka. Tofauti hiyo ya jina ni ya kuangaliwa hata kwetu, kwani makopo ya namna zote mbili hufika kwenye rafu zetu.

Kwa nini ubishi wote ule ulikuwa juu ya mafuta? Kwa sababu karibu nusu ya karanga ni mafuta. Hilo ndilo lililowaleta Waingereza na matrekta yao Nachingwea, mashariki mwa Tunduru, baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikabuni mpango wa kulima karanga Tanganyika kwenye mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na mashine kabla ya kuujua udongo wala mvua. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza, na wakulima wa jembe la mkono wakaendelea kuvuna karanga zao kama walivyokuwa wakivuna kabla. Utaalamu wenye manufaa ulikuja baadaye kwa njia tulivu zaidi, kupitia kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilichotoa mbegu ya Pendo mwaka 1998, kisha nyingine zilizopewa majina ya sehemu za kusini, kama Masasi, Mangaka na Nachingwea.

Turudi kwenye kopo. Mafuta ya karanga ni ya kimiminika. Ukisaga karanga tupu ukaziacha zitulie, mafuta hupanda juu na sehemu nzito huzama chini. Wapo wanunuzi wanaoona tabaka hilo wakarudisha kopo dukani wakidhani limeharibika. Kinyume chake, hiyo ni dalili njema: hakuna kilichotiwa kuyazuia. Koroga kwa kijiko kikavu, au weka kopo likiwa limepinduliwa usiku mmoja kabla ya kulifungua. Huo ndio usumbufu pekee wa siagi nyofu.

Viwanda viliuondoa usumbufu huo kwa njia iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Joseph Rosefield wa California, ambaye baadaye alianzisha chapa ya Skippy. Mafuta ya mimea hupitishiwa haidrojeni yakaganda, na kiasi kidogo chake, kama asilimia 1 au 2, kinatosha kuishika siagi yote isijitenge. Kwenye lebo tafuta neno hydrogenated. Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mafuta yaliyogandishwa nusu ndiyo yenye mafuta ya transi, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu na kuharibu moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Yaliyogandishwa kabisa karibu hayana transi. Lebo isiyosema ni ya namna gani imekunyima taarifa ya msingi, na mimi kopo la aina hiyo naliacha dukani.

Watengenezaji wengine hutumia mafuta ya mawese, ambayo huganda yenyewe bila haidrojeni. Hayana transi, lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito yanayoganda, wakati ya karanga yana chini ya sehemu ya tano. Jedwali linalionyesha hili pia: karanga tupu zina mafuta mazito ya gramu 7 au 8 kwa kila 100. Ukiona 11 au 12, mawese au kitu cha namna hiyo kimeingia kwa wingi, si kwa kushikiza tu.

Chumvi na sukari ni rahisi kuzipima kwa sababu karanga zenyewe hazina nyingi. Sodiamu ya karanga zisizotiwa chumvi haifiki miligramu 20 kwa gramu 100. Lebo ikisema 400, zidisha kwa 2.5 utapata chumvi ya gramu moja kamili. Kwa mtu mzima anayepaka kijiko kimoja kwenye mkate si nyingi, ikikumbukwa kwamba kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, ambaye hastahili kuongezewa chumvi hata kidogo, ni sababu ya kutotumia kopo hilo kwenye uji wake. Sukari ya asili ya karanga ni gramu 4 au 5 kwa 100. Ikiandikwa 10, nusu imeongezwa. Karanga iliyokaangwa vizuri ina utamu wake, na anayeifunika kwa sukari mara nyingi anafunika karanga hafifu.

Je, siagi yenyewe, ikiwa nyofu, ina thamani gani mwilini? Kubwa. Vijiko viwili vya chakula vina nguvu ya kilokalori 190 hivi na protini gramu 8, pamoja na magnesi, niasini na vitamini E. Haina vitamini C, haina vitamini A, na kalsiamu yake ni kidogo. Nguvu hiyo iliyofinyangwa mahali padogo ndiyo faida yake kuu kwa mtoto, kwa maana tumbo la mtoto ni dogo na uji mtupu wa mahindi humjaza kabla haujamshibisha. Wafaransa André Briend na Michel Lescanne walijenga juu ya jambo hilo mwaka 1996 walipotengeneza Plumpy'Nut, kipakiti cha gramu 92 chenye karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, chenye kilokalori 500, ambacho tangu hapo kimewainua watoto wengi waliokondeana kwa utapiamlo mkali bila kulazwa hospitali.

Mkoani Ruvuma jambo hili si la pembeni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano wana udumavu, na Ruvuma, mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi, ipo juu ya wastani huo. Mahindi yapo, kinachokosekana ni vitu vya kuyakamilisha. Karanga zinakamilisha sehemu tu. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na karanga nazo hazina laisini ya kutosha. Kunde, maharage, mbaazi na dagaa ndivyo vyenye laisini. Mtoto anayepewa uji wa mahindi wenye karanga asubuhi apate na kunde au dagaa mchana. Kwa upande mwingine, mama wa Nalasi anayeunga kisamvu kwa karanga anafanya jambo ambalo sayansi ya lishe inaliunga mkono moja kwa moja: karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiliwa pamoja na mafuta, na mafuta hayo yanatoka kwenye karanga.

Mpaka hapa nimezungumzia yale ambayo lebo inaweza kusema. Kubwa kuliko yote lebo hailisemi, nalo ni sumukuvu.

Sumu hii iligunduliwa kwa sababu ya karanga zilizosagwa. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna daktari wa mifugo aliyeutambua, mpaka uchunguzi ukafikia kwenye chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Kuvu hiyo huishi udongoni. Huingia kwenye karanga zikiwa bado shambani, hasa mvua ikikatika mapema na mmea ukateseka kwa ukame, kisha huzaana ghalani pakiwa na joto na unyevu. Sumu yake haina ladha wala harufu. Kukaanga huipunguza kwa kiasi lakini hakuimalizi, na kusaga huieneza: karanga chache zenye sumu nyingi zikiingia mashineni, kopo zima linapata.

Madhara yake ni ya namna mbili. Ikiliwa nyingi kwa mkupuo huua ini kwa siku chache. Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 wakafa 125, zaidi huko Makueni na Kitui. Kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, waliugua 68 wakafa 20. Matukio hayo mawili yalitokana na mahindi, lakini kuvu ni ile ile. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B nguvu yake ya kuleta saratani hiyo huongezeka takriban mara 30. Watafiti wameihusisha pia na udumavu wa watoto. Mtoto anayepewa karanga mbovu kila siku kwa nia ya kumjenga anaweza kuwa anabomolewa na chakula hicho hicho.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu zote kwa pamoja zisizidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu 10 kwenye tani 1,000. Ulaya ni wakali zaidi, kwao jumla ni 4. Kiasi kidogo hivyo hakionekani kwa jicho la mtu yeyote, awe mkulima hodari namna gani, kinahitaji maabara. Mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya liliamuru chapa kadhaa za siagi ya karanga ziondolewe madukani baada ya vipimo kuonyesha sumukuvu imepita kiwango. Yalikuwa makopo yaliyofungwa vizuri, yenye lebo nzuri.

Kwa hiyo alama ya ubora ya TBS ni ya kutafutwa kabla hujaangalia bei. Tangu mwaka 2019 TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ndilo linalosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Alama hiyo inamaanisha mtengenezaji anajulikana, sampuli zake zimepimwa na anaweza kurudiwa. Wasindikaji wadogo nao wana njia ya kuifikia, kwa kupitia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo. Pamoja na alama tafuta anuani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Namba ya toleo wengi huipuuza, lakini bila hiyo bidhaa mbovu haiwezi kuitwa irudi. Msimbopau usikupoteze: 620 mwanzoni inaonyesha tu kwamba namba ilisajiliwa Tanzania, haithibitishi karanga zililimwa wapi wala kama zilipimwa.

Vipi kopo lisilo na lebo, lile la mama anayesaga nyumbani na kuuza sokoni? Silikatai. Mara nyingi ndani yake mna karanga tupu, jambo ambalo makopo mengi ya kiwandani hayawezi kujivunia. Lakini hapo mnunuzi ndiye mkaguzi, na ukaguzi wake ni wa maneno. Mwamkie kwanza, shikamoo mama, umuulize hali ya nyumbani na ya biashara, kisha sema, "Mama, nina mtoto mdogo ndiyo maana nauliza. Karanga ukishazichambua, zile mbovu unazipeleka wapi?" Swali hilo lina uzito kuliko kuuliza bei. Katika biashara ya karanga duniani kote kuna kishawishi kile kile: nzima na nzuri huuzwa zikiwa nzima, kwa sababu mteja anaziona, na zilizovunjika au kubadilika rangi hupelekwa mashineni, kwa sababu mteja hazioni. Muuzaji anayekujibu, "Mwanangu, hizo nafukia shimoni," na akakuonyesha ungo wake wa kuchambulia, ni wa kununua kwake kila mara. Anayesema hakuna mbovu hata moja hajachambua.

Mwenye karanga zake mwenyewe, na Nalasi ni wengi, anaweza kutengeneza siagi bora kuliko ya duka lolote kama ataheshimu hatua tatu. Ya kwanza ni ukavu. Karanga zikaushwe mpaka ukitikisa ganda unasikia punje zinagonga ndani, zianikwe juu ya turubai au kichanja, zisilale chini kwenye udongo. Ya pili ni kumenya zikiwa kavu. Ipo tabia ya kulowesha maganda kwa maji ili yalainike na vidole visiumie. Imeenea hasa Malawi na Zambia. Naielewa, kumenya gunia zima kwa mkono ni mateso, na mara nyingi kazi hiyo ni ya wanawake na watoto. Lakini maji hayo ndiyo kuvu inayoyangojea. Mashine ndogo ya kumenyea ya kuzungusha kwa mkono ingefaa kununuliwa na kikundi kabla ya mashine ya kusaga.

Ya tatu ni kuchambua, na hii haikimbizwi. Kaa mahali penye mwanga wa mchana, mwaga karanga kidogo kidogo kwenye ungo, zisambae zisilaliane. Toa zilizosinyaa, zilizochipua, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zenye ukungu wa kijani au wa njano. Kisha zikaange kwa moto mdogo, zisugue kwa viganja ngozi itoke, zipepete, halafu uzichambue tena. Uchambuzi huu wa pili ndio wengi wanaouruka, na ndio unaofichua zaidi: punje iliyovikwa ngozi nyekundu ikaonekana safi, sasa imevuliwa na imepasuka vipande viwili, unauona weusi au unjano uliokuwa ndani. Hiyo itoe. Sumu haitawanyiki sawasawa. Hukusanyika kwenye punje chache, kwa hiyo konzi moja ya takataka uliyoitoa inaweza kuwa imebeba sehemu kubwa ya sumu ya debe zima. Usiwape kuku, maana sumu hii huwadhuru nao, wala ng'ombe wa maziwa, maana kwake sumu hupita hadi kwenye maziwa. Choma au fukia.

Baada ya hapo kinu kinatosha, au mashine ukihakikisha imesafishwa. Kilo moja ya karanga zilizomenywa hutoa siagi iliyopungua kilo kidogo, na haihitaji kuongezwa mafuta. Ukiendelea kusaga yatatoka yenyewe. Tia kwenye chupa kavu yenye mfuniko, iweke kivulini, saga ya kutosha wiki chache tu. Ikianza kunuka kama rangi ya kupakia ukuta, mafuta yamechacha. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri karanga zisagwe pamoja na unga wa lishe wa miezi miwili. Unga huo huchacha haraka, na ukiwa wa kununua, aliyeusaga huwezi kumuuliza alichambua nini. Weka unga peke yake, na siagi uitie kwenye uji siku ya kupika, ikorogwe mpaka iyeyuke kabisa, kwa kuwa donge zito linaweza kumkaba mtoto.

Wasindikaji wa Ruvuma na wa kusini kote, nina ombi kwenu. Mnatumia karanga za huku, mara nyingi bila mawese wala sukari, halafu mnaandika mbele ya kopo maneno yale yale ya "asilia" na "haina kolesteroli" mliyoyaona kwenye makopo ya ng'ambo. Yaondoeni. Andikeni kwa herufi kubwa asilimia ya karanga zilizomo, mwaka zilipovunwa na wilaya zilikotoka, na chini yake tarehe ambayo toleo hilo lilipimwa sumukuvu. Mnunuzi wa Nalasi anayajua matatu ya kwanza kwa karanga za shamba lake, na ana haki ya kuyajua yote manne kwa zile anazouziwa.